Kichwa Gani Hiki? Vidokezo 9 vya Kutambua Treni za Dizeli kwenye Picha za Zamani za Uingereza

Huenda picha umeikuta kwenye albamu ya baba mdogo aliyesoma Leeds, au umeinunua mnadani, au umekwama usiku ukipekua picha za reli mtandaoni. Vyovyote vile, mbele yako kuna kichwa cha treni cha dizeli, picha ina ukungu, na nyuma yake hakuna hata neno moja. Usikate tamaa! British Rail, shirika la reli la Uingereza, walikuwa na vichwa vya aina nyingi mno, lakini kila aina iliacha alama zake, na ukizijua chache tu utavitambua vingi kabla chai haijapoa. Hata namba huhitaji. Tafuta alama mbili zinazokubaliana, kazi imekwisha.

1. Anzia miguuni

Wengi hukimbilia kusoma namba. Wewe tazama chini kwanza, uhesabu magurudumu ya upande mmoja tu.

Matatu, yameunganishwa kwa vyuma kwa nje? Yaelekea ni Klasi ya 08, kile kifupi cha kupanga mabehewa yadini. Vilijengwa 996, kwa hiyo usishangae kukiona kikichungulia pembeni mwa picha nyingi. Manne? Mara nyingi ni kichwa cha nguvu ndogo au ya kati, kama Klasi ya 20 au ya 25. Sita? Umeingia kwa wakubwa: 37, 47, 50, 55. Manane? Raha hiyo! Ni Klasi ya 40 au mmoja wa ndugu waitwao Peak (44, 45 na 46). Vilikuwa vizito kiasi kwamba kila mwisho viliongezewa gurudumu dogo la kubeba uzito tu, lisilosukuma chochote.

Na ukihesabu matano? Hesabu tena, kisha shangilia. Ni Klasi ya 28, yenye magurudumu matatu mwisho mmoja na mawili mwisho wa pili. Vilijengwa 20 tu, na hakuna dizeli nyingine ya njia kuu za Uingereza iliyosimama hivyo.

2. Uso una pua au hauna?

Sasa panda juu. Pua ndefu upande mmoja, na chumba cha dereva kimoja tu mwisho wa pili, ni Klasi ya 20. Kwa kuwa dereva alipata shida kuona mbele pua ikitangulia, mara nyingi viwili vilifungwa pua kwa pua ili kila mwisho uwe na chumba cha dereva. Ukiona jozi ya namna hiyo, jibu unalo.

Pua pande zote mbili, magurudumu sita: chagua kati ya 37 na 55. Klasi ya 55 ndiyo Deltic maarufu, na huyu ni bwana mkubwa kweli: mwili mrefu, injini mbili ndani, nguvu farasi 3,300. Vilikuwa 22 tu, vikapewa majina ya farasi wa mashindano na vikosi vya jeshi, na kazi yao kubwa ilikuwa kukimbiza abiria kati ya King's Cross, London, na Edinburgh, kuanzia 1961 hadi mwanzoni mwa 1982. Klasi ya 37 ni mfupi zaidi, na vilikuwa zaidi ya 300, kwa hiyo hupatikana kila kona.

Uso bapa bila pua, magurudumu sita? Kisia Klasi ya 47 kwanza. Vilijengwa 512, na ndivyo vilivyokuwa vingi kuliko vyote kwenye njia kuu.

Uso ulioinama na kuchongoka, treni nzima ikionekana ina haraka? Hiyo ni treni ya mwendo kasi iliyoanza kubeba abiria mwaka 1976, mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Sura yake ilichorwa na Kenneth Grange, na mpaka leo inapendeza.

3. Tafuta njano

Tofauti na treni za mvuke, dizeli haikuwa na kelele wala moshi wa kutosha kuwashtua wafanyakazi waliokuwa relini, kwa hiyo vichwa vilianza kupakwa njano mbele. Alama hiyo inakupa miaka bila jasho. Uso wa kijani mtupu: yaelekea ni kabla ya 1962 hivi. Kipande kidogo cha njano katikati ya uso: miaka ya 1960. Uso mzima wa njano: mwisho wa miaka ya 1960 na kuendelea.

Picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe? Hakuna tatizo. Njano hutokea kama kijivu cheupe, na mpaka wake na rangi ya mwili huonekana vizuri.

4. Simba au mishale?

Tazama ubavuni. Nembo ya simba na gurudumu ni ya enzi za kijani. Mishale miwili inayoelekea pande tofauti ni ya mwaka 1965 na baadaye, ilipokuja rangi ya buluu. Iliyochora mishale hiyo ni kalamu ya Gerald Barney, na stesheni za Uingereza zinaitumia mpaka leo.

5. Herufi D inaongea

Ukibahatika kuisoma namba, usiishie kwenye tarakimu. D mbele yake, kama D5705, ni ya wakati ambapo dizeli na mvuke zilikuwa zikiishi pamoja. Mvuke ulipomalizika kwenye njia kuu, Agosti 1968, D ikawa haina kazi na ikaanza kuachwa. Kisha, hasa miaka ya 1973 na 1974, zikaja namba za tarakimu tano, na mbili za mwanzo ndizo klasi yenyewe: 37, 40, 47. Hapo ni kusoma tu!

6. Soma kibao cha usoni

Vichwa vingi vina kisanduku chenye alama nne za herufi na tarakimu, mfano 1S kisha tarakimu mbili. Hiyo si namba ya kichwa, ni ya safari. Tarakimu 1 ni abiria wa mwendo wa haraka, 2 ni treni ya kusimama kila stesheni, 0 ni kichwa kinachotembea peke yake bila behewa. Kwa safari za kutoka kanda moja kwenda nyingine, herufi inakwambia inakokwenda: S ni Scotland, V ni kanda ya Magharibi, E ni ya Mashariki, M ni London Midland. Yaani picha imekupa hadi mwelekeo wa safari!

Kuonyesha namba hizo usoni kuliachwa Januari 1976. Ukikuta sifuri nne, au nukta mbili nyeupe, uko baada ya hapo.

7. Watu wa Magharibi wana mambo yao

Kanda ya Magharibi, ile ya Paddington kwenda Plymouth na Penzance, iliamua kusukuma magurudumu kwa mafuta ya haidroliki, wakati wenzao walitumia umeme unaozalishwa na dizeli. Matokeo yake ni vichwa vyenye sura ya kipekee, na kwangu mimi Klasi ya 52 ndiyo dizeli nzuri kuliko zote zilizowahi kupita kwenye reli za Uingereza. Vilikuwa 74, na kila kimoja kilikuwa na jina linaloanza na Western. Namba zao zilikuwa vibao vya chuma, hivyo hazikubadilishwa: walibaki na D mpaka walipostaafishwa Februari 1977. Ukiona buluu, njano uso mzima, na bado D iko pale, tabasamu.

8. Usinaswe na mtego

Vichwa vingi vimehifadhiwa na kupakwa rangi za zamani. Kijani kinachong'aa, lakini watu pembeni wameshika simu? Hiyo ni picha ya juzi. Angalia pia kama picha imegeuzwa: kwenye nembo ya mishale, mshale wa juu huelekea kulia.

Na hakikisha kwanza kwamba ni Uingereza. Kampuni ya English Electric, iliyojenga Klasi ya 40 na Deltic, iliijengea pia reli ya Afrika Mashariki dizeli zenye magurudumu manane kila upande, miaka ya 1960. Tofauti iko mbele: za Uingereza zina vyuma viwili vya mviringo vya kuzuia mgongano, zetu zina kiungo kimoja cha katikati.

9. Sasa jaribu

Picha: stesheni ya Carlisle. Vichwa viwili vya buluu vimefungwa pamoja, uso bapa wa njano tupu, magurudumu sita, namba ya tarakimu tatu inayoanza na 4, bila D. Juu hakuna waya wa umeme.

Tarakimu tatu zinazoanza na 4 ni Klasi ya 50, vilivyojengwa 1967 na 1968. D haipo, kwa hiyo ni baada ya mvuke. Viwili pamoja: hivyo ndivyo treni za haraka za Crewe hadi Glasgow zilivyovutwa kuanzia 1970. Waya hazipo, na umeme ulifika Glasgow kwa njia hiyo mwaka 1974. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, si kalamu ya wino: "Klasi ya 50, Carlisle, mwanzo wa miaka ya 1970." Haya, lete picha inayofuata!