Kiyoyozi cha paani kinavuja

*Fundi, naendesha gari la kliniki tamba hapa Garbatulla. Kiyoyozi kimefungwa juu ya paa. Tangu mvua zianze, maji yanadondokea kitanda cha wagonjwa. Nizungushie silikoni?*
*Dereva, Garbatulla*

Ndugu dereva, silikoni iache kwanza. Ukiipaka nje, maji yaliyokwisha kupenya hunaswa chini na kuozesha paa. Kiyoyozi hicho hukalia gasketi nene ya sponji kuzunguka tundu la paa, kikavutwa chini na bolti zinazokazwa kutoka ndani. Mitikisiko ya barabara za huko huzilegeza, na sponji hubonyea ikabaki bapa.

Maji yakidondoka hata siku kavu kiyoyozi kikifanya kazi, hiyo si mvua. Ni jasho la mashine. Zibua vitundu vya kulitolea, vumbi huviziba upesi.

Kama ni mvua, kata umeme, ondoa kifuniko cha ndani, kaza bolti kidogo kidogo kwa kukingamanisha hadi gasketi ibaki kama nusu ya unene wake. Usizidishe, utapinda kitako. Gasketi ikiwa imekwisha kuwa bapa, weka mpya, kavu, bila gundi, juu ya paa lililosafishwa. Kiyoyozi kiinuliwe na watu wawili au zaidi. Ukiiburuta mashine utaichana gasketi. Kisha mwagia maji, mwenzako achungulie ndani. Kagua pia bolti za keria: hapo ndipo maji hupenya bila kushukiwa.

Nyaya zikiwa zimelowa au paa limeoza, usiwashe. Mwite fundi umeme wa magari. Kitanda kihamishe leo.