Somo kwa wazazi: Mtoto anayefungua redio



Katika nyumba nyingi hapa kambini yupo mtoto ambaye redio ikinyamaza yeye hatafuta fundi, anatafuta bisibisi. Baba akirudi anakuta vipande mkekani, na fimbo inafuata. Hatuwalaumu wazazi. Mwenye taa moja ya sola hawezi kuiacha iwe daftari la mazoezi. Lakini mtoto huyo ana swali, na fimbo hailijibu. Tunashauri kila nyumba iwe na boksi la vitu vilivyokwisha kufa. Cha ndani ya boksi kinafunguliwa, kizima hakiguswi.

Tuanze na tochi mbovu. Toeni taa ndogo nyeupe ya LED, nyaya mbili zilizochunwa ncha, na betri mbili za tochi za volti 1.5, zilizopangwa kichwa kwa kitako ili zifike volti 3. Mtoto aunganishe. Isipowaka, msimwambie kitu. Mwacheni ageuze taa mwenyewe, ndipo atajua kwamba LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Taa nyekundu huhitaji volti 2 hivi. Kwa betri hizo mbili itaungua upesi, isipokuwa apitishe umeme kwanza kwenye rezista, kwa mfano ya ohm 100. Akitenganisha waya mmoja, taa inazimika: hiyo ndiyo swichi, na kibanio cha nguo kinaweza kuifanya kazi hiyo.

Hapa tunaomba msikilize sana. Betri za simu zisitobolewe, zisipondwe, wala ncha zake zisigusanishwe. Huweza kulipuka moto. Na umeme wa jenereta si wa watoto kabisa.

Sasa, kompyuta. Wazazi hutuambia, "Mtoto wangu atajifunza programu siku tutakapopata kompyuta." Siku hiyo inaweza kuchelewa. Programu ni maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu, na maagizo yanaweza kutolewa hata uwanjani.

Mnamo 1967, Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na wenzake kule Marekani, walitengeneza lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto iitwayo Logo. Baadaye mtoto aliweza kuagiza roboti ndogo, waliyoiita kobe, itembee sakafuni ikichora mstari. Sisi hatuna roboti, lakini watoto tunao. Mmoja awe kobe, ashike fimbo ya kuchora mchangani. Mwingine aagize: nenda hatua 4, geuka kulia robo mzunguko. Arudie mara 4, mraba umetokea. Kobe afuate kilichosemwa tu, asikisie. Akiambiwa "geuka" bila kuambiwa upande gani, asimame pale pale. Watoto watacheka, kisha watamgeukia mwagizaji, kwa maana kosa limo katika agizo. Mafundi wa kompyuta hutumia muda mwingi wa kazi yao kutafuta makosa ya namna hiyo. Na zamu ya kuagiza iwafikie wasichana pia. Isiwe wao wametumwa bombani wakati kaka zao wanacheza.

Halafu waulizeni pembetatu yenye pande sawa. Wengi wa waliosoma hesabu watasema kobe ageuke nyuzi 60, kwa sababu kona ya ndani ni 60. Msiwasahihishe. Kobe akitembea hivyo atachora umbo la pande 6. Wahesabu upya, wabishane, mmoja wao asimame kwenye kona na kugeuza mwili wake polepole, mpaka waone kwamba anachogeuka ni theluthi ya mzunguko mzima, yaani nyuzi 120.

Mtoto akipata kompyuta siku moja, atafute Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007, nayo ina Kiswahili. Humo atakuta maagizo yale yale: nenda, geuka, rudia.