Trekta la Babu na Hela ya Korosho

*Mjomba,*

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, mke na watoto wawili. Mdogo ana miezi saba. Tunakaa Kiegei, Nachingwea, na tuna shamba la mikorosho. Babu yangu mzaa mama alikuwa utingo wa matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mpaka anafariki alikuwa akitusimulia habari za trekta lililotokana na kifaru cha vita. Baadaye nikasoma kwamba liliitwa Shervick.*

*Msimu uliopita hela ya korosho ilipoingia, nilimwagiza rafiki yangu wa Dar es Salaam aniletee seti ya plastiki ya kifaru cha Sherman, ya kuunga mwenyewe, kipimo cha 1:35, nikigeuze kuwa trekta la babu. Pamoja na gundi, rangi na brashi imefika laki mbili na elfu arobaini. Mke wangu nilimwambia elfu hamsini. Amekuta risiti. Sasa haongei nami ila habari za watoto, na mama mkwe anawaambia majirani kwamba mwalimu anacheza midoli. Rangi zinanuka chumbani na mtoto anakohoa usiku. Niache? Na kama siachi, nifanyeje trekta lifanane na lile la babu?*

*Mwalimu, Kiegei*

Mpwa wangu,

Naanza na mtoto, mengine yatangoja. Leo kabla hamjalala, toa chumbani kila chupa ya rangi, gundi na thina. Gundi ya plastiki hushika kwa kuyeyusha plastiki yenyewe, basi fikiria mvuke wake unafanya nini kwenye kifua cha miezi saba. Usijipime kwa pua yako, maana imeshazoea. Mvuke huo pia hushika moto upesi, kwa hiyo usikae nao karibu na jiko la mkaa wala kibatari. Kazi ihamie barazani, mchana, upepo ukipita, na vifaa vikae kwenye ndoo yenye mfuniko, juu, mkono wa mtoto usipofika. Kesho mpeleke zahanati asikilizwe kifua. Kikohozi cha mtoto mchanga kina sababu nyingi na sitaki uhame na rangi zako ukadhani umemaliza.

Sasa hela. Ulitumia laki mbili na arobaini, ukasema hamsini. Kilichomuumiza mkeo ni hiyo laki na tisini iliyofichwa, na hata angekukuta umeificha kwenye mbuzi au kwenye bati maumivu yangekuwa yaleyale. Tena nikuulize: korosho zile aliziokota nani? Kusini tunajuana. Mwanaume hupulizia dawa, akajisifu msimu mzima kwamba amepulizia. Kuinama chini ya mkorosho asubuhi hadi jua la utosi, kutenganisha korosho na bibo, kuanika, kuchambua, kazi hiyo kwa nyumba nyingi ni ya mama na watoto. Kisha mzigo unakwenda chama cha msingi, AMCOS, unapita kwenye mnada wa chama kikuu cha ushirika, RUNALI, na malipo yanaingia kwenye akaunti yenye jina moja. Nakisia ni jina lako.

Basi mkalishe, mtajie bei kamili, kitu kimoja kimoja, na risiti mkononi. Habari ya babu usiitangulize, itasikika kama kisingizio. Ukishasema, nyamaza umsikilize. Akisema seti iuzwe, na kama hujaanza kuikata, irudi Dar es Salaam iuzwe. Akilainika, pangeni kiasi cha kila msimu ambacho utatumia kwenye modeli bila kuulizwa, na yeye awe na kiasi hichohicho cha kutumia atakavyo bila kuulizwa. Si nusu yake. Hichohicho.

Mama mkwe hajibiwi. Utamwamkia kama kawaida na utamkaribisha barazani aone. Ila wewe mwenyewe usibebe aibu isiyo yako. Fundi wa Kimakonde akichonga mtu wa mpingo, au mzee wa Lamu akiunda jahazi la urefu wa mkono lenye tanga na kamba zake zote, hakuna anayesema anacheza midoli. Tamiya, ambao nadhani ndio waliotengeneza seti yako, walianza mwaka 1946 huko Shizuoka, Japani, kama kampuni ya mbao, na modeli zao zinaungwa na madaktari, marubani na wastaafu. Na watoto wetu wa Kiegei wanaounda malori ya waya na mabua, yenye magurudumu ya kandambili, wanafanya kazi ileile unayoitaka wewe: wanaliangalia gari lililopita barabarani, wanalikumbuka, wanalipunguza. Tofauti yako na wao ni rula.

Na kwa kuwa ni babu mzaa mama, na kwetu Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, swali la trekta umelileta kwa anayehusika, yaani mjomba. Hapa nitakaa kidogo.

Seti ya Sherman itakupa minyororo ya kutembelea, magurudumu na sehemu ya bodi. Trekta halimo ndani ya boksi. Shervick lilitengenezwa na Vickers-Armstrongs wa Uingereza kwa vipande vya kifaru cha Sherman, kwa sababu baada ya vita matrekta mapya yalikuwa haba na mradi ulikuwa umeshanunua machakavu ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino, yaliyokuwa yakifa kabla ya kumaliza shamba. Kwa hiyo mzinga, mnara wake na chuma cha juu vyote utaviweka kando, na injini, kiti cha dereva na sehemu ya kuvutia utaviunda mwenyewe. Sherman ina magurudumu sita ya chini kila upande. Usichukulie kwamba trekta lilibaki nayo yote. Usikate hata kipande kabla hujapata picha ya ubavuni inayoonekana vizuri, ukayahesabu.

Kwa hiyo hela yako inayofuata, ile mtakayokubaliana, isiende kwenye rangi. Iende kwenye picha na kitabu. Alan Wood, aliyefanya kazi ndani ya mradi huo, alitoa kitabu mwaka 1950 kiitwacho The Groundnut Affair. Ukipata likizo ukaenda Dar es Salaam, kiulizie Maktaba Kuu ya Taifa na maktaba ya Chuo Kikuu, halafu fika Nyaraka za Taifa ukaulizie mafaili ya mradi wa karanga. Nenda na barua ya mkuu wako wa shule, itakufungulia milango. Na ujue pia trekta lilifanya kazi ya namna gani, si sura yake tu. Watu wa mradi walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili, yakaenda sambamba, msitu ukalala katikati.

Lakini kuna jambo ninalotaka ulithibitishe kabla ya yote. Mradi ulioanza mwaka 1947 ulikuwa na maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuwa ya aina nyingi, Caterpillar yakiwemo. Babu alisema kifaru, nawe ukasoma Shervick, ukaviunganisha. Huenda ni kweli. Huenda pia alifanya kazi Kongwa kabla ya kurudi kusini, au habari ya kifaru aliisikia kambini kwa wenzake. Mtafute mzee aliyekuwepo. Kijana wa miaka 20 wa mwaka 1949 leo amepita 95, kwa hiyo usingoje likizo ya Desemba. Muulize alikaa wapi dereva, utingo alisimama wapi, moshi ulitokea upande gani, mafuta yalijazwa wapi. Usimuulize jina la trekta, maana ukimtajia atalikubali kwa adabu tu. Kisha muulize mama yako na wajomba zako kama kuna kipande cha karatasi, kitambulisho, cheti cha kazi. Jina la kituo likishapatikana ndipo uandike kibao cha chini ya modeli.

Kipimo cha 1:35 hakina uchawi. Kila kitu unakigawa kwa 35. Sherman yenye urefu wa karibu mita 5.8 inakuwa sentimita 16 na nusu hivi. Babu akiwa na mita 1.70 atakuwa milimita 49, na huyo ndiye mtu wa kwanza wa kumchonga, kabla ya trekta, kwa sababu ukimweka kando ya kazi yako atakuonyesha mara moja kama kiti umekifanya kikubwa mno. Pete ya mnyororo wa nanga yenye sentimita 30 itakuwa milimita 8 na nusu, na cheni ya mkufu wa bei rahisi sokoni Nachingwea inakupa hiyo. Mti wa mita 10 utakuwa na karibu sentimita 29, basi ubao wako uupime mapema. Ukitamani siku moja kuongeza reli iliyojengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949, ilikuwa ya upana wa mita moja: kwa kipimo chako ni milimita 28 na nusu kati ya chuma na chuma. Ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vikang'olewa, kwa hiyo kwa wanafunzi wako modeli itakuwa njia mojawapo ya kuiona.

Vifaa vingi unavyofikiri ni vya Japani viko hadiwea na stesheneri. Kikata kucha kikali hutoa vipande kwenye fremu yake bila kuvinyofoa. Ongeza kisu cha wembe cha stesheneri, rula ya chuma, na msasa wa mafundi wa rangi za magari, namba 400 kisha 800 kisha 1000, ukiulowesha maji ili vumbi lisiruke. Bodi ya juu ikate kwenye kipande cha PVC ya dari kilichobaki kwa fundi, ila kijaribu kwanza, maana gundi ya plastiki ya modeli haishiki kila plastiki. Hapo tumia supagluu. Nyufa zijaze kwa puti ya magari, kidogo sana.

Rangi usiagize tena. Ulizonazo, soma kibandiko utenge za maji na za mafuta, na usizichanganye kwenye kikombe kimoja. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini kama sisi, aliyetoka Tunduru, alijenga shule nzima ya uchoraji kwa rangi ya mafuta ya makopo madogo, kwa hiyo kopo la dukani si la kudharauliwa. Shida yake kwenye kitu cha sentimita 16 ni unene: ipunguze, paka mara tatu nyembamba, ngoja ikauke kila mara. Rangi iliyochorwa kwenye boksi ni ya kifaru cha jeshi, isikuongoze.

Trekta jipya linalong'aa halikuwahi kufanya kazi Nachingwea zaidi ya asubuhi moja. Chukua udongo mwekundu wa hapohapo Kiegei, ukaushe, uuponde, uuchekeche kwa kitambaa cha khanga kuukuu, uupake kwa brashi kavu kwenye minyororo na chini ya bodi. Kwenye kingo ambazo chuma husuguana, saga ncha ya penseli ya 6B na uupake unga wake kwa kidole. Ni kinywe, madini yaleyale yanayochimbwa kwa jirani zenu Ruangwa, na hung'aa kama chuma kilicholiwa. Mwenye seti kama yako huko Ulaya hununua vumbi la kopo. Wewe unalo mlangoni.

Uingereza ilitangaza mwisho wa mradi Januari 1951, pauni zaidi ya milioni 35 zikiwa zimekwisha, na vitabu vingi vinawataja mawaziri na majenerali. Utingo hatajwi. Kwa hilo peke yake nasema usiache. Ila bei isemwe kwanza, na mtoto apone kwanza.

Na nyie wasomaji wa Nachingwea, Ruangwa, Masasi na Lindi: mwenye picha ya babu yake amesimama kando ya trekta la mradi wa karanga asiiache iliwe na mchwa. Aandike kwenye safu hii, aseme ilipigwa wapi, nasi tutamuunganisha na mwalimu wa Kiegei.