Mbu wa Gede si wa Westlands

Mkazi wa Westlands, Kangemi au katikati ya jiji huumwa na mbu, akajikuna, akalala. Ni nadra kupata malaria hapo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake huchelewesha vijidudu vya malaria kukomaa ndani ya mbu. Mara nyingi mbu hufa kwanza.

Mazoea hayo ndiyo humponza anaposafiri. Kuzuru jumba la makumbusho la Karen Blixen, kule Karen, hakuhitaji tahadhari kubwa. Lakini magofu ya Gede karibu na Malindi, au kuta za mawe za Thimlich Ohinga kaunti ya Migori, yako katika maeneo ya malaria. Aliyekulia Nairobi hana kinga ya kutosha, hata akisema, "Kwetu ni huko." Watoto na wajawazito wamo hatarini zaidi.

Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Kwa hiyo hatari kubwa haiko magofuni saa sita mchana, bali katika chumba cha wageni usiku. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, ukikichomeka chini ya godoro.

Mchana kuna mwingine, mweusi mwenye madoa meupe, anayezaliana katika mitungi, makopo na magurudumu yenye maji. Huyu huleta dengue na chikungunya, iliyozuka Lamu mwaka wa 2004, na Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Vaa mikono mirefu, ujipake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET. Ukitumia mafuta ya kuzuia jua, yatangulie.

Muone daktari kabla ya safari akupe tembe za kukinga malaria. Wengi huziacha mara tu wafikapo Nairobi. Hilo ni kosa! Baadhi humezwa siku saba baada ya kurudi, nyingine wiki nne.

Malaria huweza kujitokeza siku saba au wiki kadhaa baada ya kuumwa, hata kwa aliyemeza tembe. Ukishikwa na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, umweleze daktari ulikokwenda, upimwe damu. Usipomwambia, huenda akadhani ni mafua. Kabla ya majibu usimeze aspirini, kwani ikiwa ni dengue huweza kuzidisha kutokwa na damu. Paracetamol yatosha kutuliza maumivu.