FENI YA FOTOKOPI INAPIGA KELELE? USIICHOMOE, ISIKILIZE KWANZA

Leo naongea na wenye steshenari, hasa sisi tunaotumia mashine used ambazo zimeshachoka kwenye ofisi za watu kabla hazijafika kwetu.

Wino wa fotokopi ni unga. Ili ushike kwenye karatasi, kuna sehemu inaitwa fyuza inauyeyusha kwa joto linalokaribia nyuzi 200. Hilo joto lazima litoke nje, na anayelitoa ni feni. Kwa hiyo usikubali mtu akate waya wa feni ili kelele ziishe. Joto likibaki ndani, unga unaganda, karatasi zinakwama na bodi inaweza kuungua. Feni ni kitu kidogo, ila fyuza au bodi ikifa unaweza kufunga huduma nzima.

1. HAKIKISHA NI FENI KWELI
Washa mashine bila kutoa kopi. Weka sikio karibu na matundu ya kutolea hewa, nyuma au pembeni. Kelele ikisikika hapo hata karatasi haitembei, ni feni. Ikisikika wakati karatasi inapita tu, angalia rola na gia.

2. KELELE INA MAANA YAKE
• Tak-tak-tak: kuna kitu kinagusa mapanga ya feni, labda kipande cha karatasi au waya uliolegea.
• Inanguruma na kutetemeka: vumbi limejaa upande mmoja au skrubu zimelegea.
• Inalia asubuhi ikiwa ya baridi, ikipata moto inapungua: beringi imekauka. Hapo anza kutafuta hela ya feni mpya.

3. SAFISHA
Zima, chomoa plagi ukutani, subiri kama nusu saa fyuza ipoe. Vaa barakoa, maana ule unga si wa kuvuta. Fungua mfuniko, toa vumbi kwa brashi laini. Ukitumia blowa, shikilia mapanga yasizunguke, yakizungushwa kwa nguvu beringi inaumia. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani usitumie, unga wa wino ni laini mno, unapita kwenye chujio na kurudi hewani. Kama kuna chujio mbele ya feni, kisafishe au kibadilishe.

4. MAFUTA
Feni nyingi ndogo zina stika katikati. Ukiibandua utaona kishimo, weka tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha stika. Tone moja tu boss, sio kumimina! Hii inakuvusha siku chache, sio tiba. Mafuta ya kupulizia ya kulegezea kutu usiweke, yanaosha grisi yote iliyobaki.

5. UKIENDA KUNUNUA
Nenda na feni ya zamani mkononi. Linganisha vitu vinne: volti (nyingi ni 24), ampea, ukubwa na idadi ya nyaya. Waya wa tatu ndio unaoiambia mashine kwamba feni inazunguka. Ukifunga ya nyaya mbili kwenye mashine inayotaka tatu, italeta kodi ya kosa na kugoma. Kabla ya kufungua ya zamani, piga picha ujue hewa inaelekea wapi. Ukiifunga kinyume, joto linarudi ndani.

KUZUIA: acha angalau sentimita 10 kati ya mashine na ukuta, usiegemeze rimu kwenye matundu. Ukimaliza kazi kubwa usizime ukutani hapohapo, iache feni imalize kupooza.

Kelele ya feni ni mashine inaomba msaada mapema. Ihudumie leo wakati wateja wachache, kuliko ife siku ya foleni ya fomu.

Mtumie mwenzako mwenye steshenari. Kazi njema!