Dondoo muhimu: Kusafisha tangi la samaki kabla ya kutia maji ya chumvi

Umepata tangi lililofugiwa samaki wa maji baridi? Kwa wafugaji wa Lushoto, anza hivi:

• Muulize aliyekuuzia kama aliwahi kutia dawa yenye shaba. Shaba inaweza kubaki tangini, kisha huua kamba na matumbawe. Kama aliitia, fuga samaki tu.

• Tupa changarawe na sponji kuukuu za kichujio.

• Lainisha ukoko wa chokaa kwa siki nyeupe, sugua taratibu, suuza mara kadhaa. Usitumie sabuni. Kamwe usichanganye siki na klorini. Mvuke wake ni sumu.

• Jaza maji, kagua uvujaji kwa saa 24.

• Tumia chumvi maalumu ya matangi ya bahari, takribani gramu 35 kwa lita. Si ya mezani.

• Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na kipupwe chake hupoza maji. Weka hita: nyuzi 24 hadi 27.

• Usiwaachie samaki wa zamani kwenye vijito. Milima ya Usambara, ilipo Lushoto, ina viumbe wasiopatikana kwingineko duniani, tuwalinde.