MAFUA NA DAWA ZA DUKANI

Katika nchi ya Turkana, tangu Lodwar mpaka Kakuma, na katika vijiji kama Nakalale, hapana nyumba isiyojua mafua na kikohozi. Ugonjwa huu ukiingia bomani huanza kwa mtoto mmoja, na kabla ya juma kwisha wengi huwa wanakwenda chafya. Hapo ndipo watu hukimbilia dukani. Huyu hununua vidonge vya kichwa, yule dawa ya maji ya kikohozi, na mwingine vidonge vya vitamini C ili ugonjwa usimpate. Wapo hata wauzao mbuzi kwa ajili hiyo. Basi yafaa kila mtu ajue ni dawa zipi zenye faida, ni zipi zisizo na faida, na ni wakati gani duka si mahali pa kwenda.

Mafua hutoka wapi

Watu wengi hudhani kwamba mafua huletwa na vumbi, au upepo, au baridi ya alfajiri. Vumbi na moshi huwasha pua na koo, na huwadhuru wenye pumu, lakini haviwezi kuzaa mafua. Mafua huletwa na vijidudu vidogo mno viitwavyo virusi, ambavyo havionekani hata kwa darubini ya kawaida. Kirusi cha homa ya mafua ya wanadamu kilipatikana mara ya kwanza mwaka 1933, mjini London. Maradhi yenyewe yalikuwapo zamani sana. Mwaka 1918 homa ya mafua ilishuka kutoka katika meli bandarini Mombasa ikaenea bara na kuua watu wengi, wala hapakuwa na mtu duniani aliyejua kirusi chake.

Mambo haya yamechunguzwa hata huku Turkana. Kati ya mwaka 2007 na 2010 walipimwa makamasi maelfu ya wagonjwa wa kifua waliolazwa katika hospitali za kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab. Karibu nusu yao walikutwa na virusi, tena si vya namna moja. Hii ndiyo sababu mtu aliyepona mafua mwezi huu aweza kuugua tena mwezi ujao.

Dawa zinazosemwa kuwa ni kinga

Sifa za vitamini C zilienea hasa baada ya mwaka 1970, wakati Linus Pauling, mtaalamu Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mara mbili, alipoandika kitabu cha kuisifu kuwa huzuia mafua. Kwa kuwa mwandishi alikuwa mtu mkubwa, watu walisadiki. Lakini wengine walifanya jambo la busara, wakaipima. Waliwagawa watu mafungu mawili: fungu moja likapewa vitamini C kila siku, na la pili vidonge vya mfano wake visivyo na dawa. Majaribio ya namna hii yamefanywa mara nyingi, na imeonekana kwamba watu wa kawaida wanaoimeza kila siku hupata mafua sawasawa na wasioimeza. Faida yake ni kwamba siku za kuugua hupungua kidogo tu.

Tangawizi, limau, na kitunguu saumu ni vyakula vyema, na kinywaji cha moto hulainisha koo. Lakini havijapata kuthibitishwa kuwa huzuia virusi visiingie mwilini. Kadhalika mwarobaini, mti uoteshwao sana mjini Lodwar, haujathibitishwa kuwa kinga ya mafua. Na mafuta yake yakinyweshwa mtoto mchanga yaweza kumdhuru vibaya.

Somo kubwa lilionekana wakati wa UVIKO-19. Ugonjwa huo ulitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Mwezi wa Aprili serikali ya Madagaska ilitoa kinywaji cha mitishamba, ikasema kuwa hukinga na kuponya. Na mwezi wa Mei Tanzania ilikipokea. Huko Tanzania watu walijifukiza kwa mvuke wa majani kila asubuhi. Lakini ilipofika Julai, hospitali za Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, zilikuwa zimejaa wagonjwa. Mvuke huweza kuifungua pua iliyoziba, ila hauui virusi vilivyomo mwilini. Na sufuria ya maji yachemkayo imeunguza watoto wengi.

Dawa zinazotuliza

Zipo dawa ambazo haziponyi mafua, lakini humpunguzia mgonjwa taabu hata mwili wenyewe umalize vita. Ya kwanza ni parasetamoli, ambayo hutuliza kichwa na joto la mwili. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku moja, kwa kuwa dawa hii ikizidi huharibu ini. Tena parasetamoli imo ndani ya dawa nyingi za mafua zenye majina mbalimbali. Mtu akinywa dawa mbili au tatu pamoja, huenda anakunywa dawa ile ile mara tatu bila kujua.

Ya pili ni asali. Kijiko kimoja kabla ya kulala humpunguzia kikohozi mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Aliye chini ya mwaka asipewe asali hata kidogo, maana yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Dawa zenye hatari

Kuna dawa ambazo wengi hununua bila hofu, nazo zataka hadhari.

Aspirini asipewe mtoto mwenye mafua au tetekuwanga, kwa kuwa yaweza kumletea ugonjwa mkali wa ini na ubongo. Vidonge vingine vya kichwa vina aspirini ndani yake, kwa hiyo ni lazima kusoma karatasi yake au kumwuliza muuzaji.

Mafuta ya kupaka yenye karafuu maiti yasipakwe mtoto wa chini ya miaka miwili, na yasinywewe na mtu yeyote.

Dawa za maji za kikohozi hazina faida kubwa kwa watoto wadogo. Mwaka 2022, katika nchi ya Gambia, watoto wapatao sabini walikufa kwa ugonjwa wa figo, na Shirika la Afya Duniani likaonya juu ya dawa za maji za kikohozi zilizokutwa na sumu. Mwezi wa Aprili 2024 Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya pia iliagiza fungu moja la dawa ya kikohozi ya watoto lirudishwe kutoka madukani. Dawa isiyo na jina la kiwanda, namba ya fungu, wala tarehe ya mwisho isinunuliwe.

Tena kuna vidonge vya rangi mbili, yaani antibiotiki kama amoksilini. Hivi huua bakteria, wala haviwezi kuua virusi. Mtu anayevimeza kwa sababu ya mafua hupoteza fedha zake, na huwafundisha bakteria waliomo mwilini kuizoea dawa. Siku atakapougua kichomi cha kweli, dawa ile huenda ikashindwa.

Kinga iliyo ya kweli

Kinga zilizo bora hazina bei kubwa. Mwenye kikohozi akohoe katika kiwiko chake au kitambaa, wala si mkononi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kupenga kamasi. Mahali penye shida ya maji, debe lililotobolewa tundu dogo na kuzibwa kwa kijiti latosha kuosha mikono mingi kwa maji machache. Mtoto mchanga awekwe mbali na wenye mafua, tena mbali na moshi wa jiko, na anyonyeshwe maziwa ya mama. Chanjo zote zimalizwe; kwa maana tangu mwaka 2011 watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya bakteria mmoja aletaye kichomi, ambaye mara nyingi hufuata nyuma ya virusi.

Wakati wa kwenda hospitali

Mafua ya kawaida hupoa yenyewe kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo. Kichomi hakingoji. Mzazi ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja nzima kwa saa au simu, mtoto akiwa ametulia. Pumzi ni za haraka mno zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Vilevile ikiwa kifua chaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea asiamke, apelekwe zahanati au hospitali saa ile ile, mchana au usiku.

Katika nchi ya mwendo mrefu kama Turkana, hatari kubwa ya dawa ya dukani ni kuchelewa. Mzazi hununua chupa ya kwanza, akangoja. Hununua ya pili, akangoja tena. Na siku mbili alizongoja ndizo zilizokuwa za safari. Fedha za chupa ile ya pili zingetosha kuwa nauli ya kumfikisha mtoto kwa mganga angali na nguvu.

Maswali

1. Kwa nini mtu aweza kupata mafua mara nyingi katika mwaka mmoja?
2. Majaribio yameonyesha nini juu ya vitamini C?
3. Kwa nini antibiotiki haziponyi mafua?
4. Ni mtoto wa umri gani asiyepaswa kupewa asali?
5. Mtoto wa miezi minane anavuta pumzi 54 kwa dakika. Mzazi wake afanye nini?